Namna ya kumpata mwalimu wa tuisheni kwa mtoto mwenye usonji, Dar es Salaam

Mama wa Kimara anauliza:

Habari zenu, wazazi wenzangu na walimu. Nina mtoto wa kiume wa miaka 9, anayesoma darasa la tatu katika shule ya msingi ya kawaida huku Kimara, na ninatafuta mwalimu wa kumfundisha nyumbani mara tatu kwa wiki baada ya saa za shule. Aligundulika kuwa na usonji (autism) alipokuwa na miaka 4. Ripoti ya hospitali inasema "kiwango cha 2", na mpaka leo hakuna aliyekaa nami akanieleza maana yake. Anazungumza, lakini sehemu kubwa ya mazungumzo yake ni maneno aliyoyasikia mahali pengine na kuyahifadhi kama yalivyo: matangazo ya redio, maneno ya bibi yake, na zaidi ya yote maneno ya kwenye daladala, kwa kuwa mabasi ndiyo maisha yake. Anaweza kukutajia vituo vya mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni, kwenda na kurudi, bila kuruka hata kimoja.

Darasani kwao wamepita themanini, na mwalimu wake, ambaye ni mtu mwema sana, ameniambia waziwazi kwamba hana namna ya kumpa hata dakika tano za peke yake. Kusoma anasoma, tena kwa sauti nzuri. Ukimwuliza habari aliyoisoma inahusu nini, anakurudishia sentensi ya mwisho. Kujumlisha na kutoa kwa tarakimu hakumsumbui. Hesabu za mafumbo ndizo zilizotushinda. Mwalimu wa kwanza niliyempata, kijana aliyemaliza shahada ya ualimu wa hisabati, alimwandikia kwamba Juma alikuwa na maembe 12, akampa Asha 5, je, alibaki na mangapi. Mwanangu akauliza ni Juma yupi, kwa sababu darasani kwao wapo wawili. Kijana akamjibu kuwa ni Juma yeyote tu. Mtoto akauliza tena, akajibiwa vilevile, na ilipofika mara ya tano kijana akapiga meza kwa rula. Mwanangu akaingia chini ya meza, akaziba masikio, na hakutoka hadi saa moja usiku.

Kilichomuudhi zaidi yule mwalimu ni kwamba kila baada ya muda mtoto alikuwa akisema kwa sauti, "Shusha, konda, shusha!" Aliona anadhihakiwa. Wiki ya pili akaniandikia ujumbe wa adabu kwamba amepata kazi nyingine.

Baada ya hapo nilikwenda kwenye kituo kimoja cha watoto wenye mahitaji maalumu, ambako niliahidiwa kwamba katika miezi 3 mtoto "atakuwa kama wenzake", ilimradi nilipe ada ya miezi yote 3 kwa mkupuo. Mume wangu alikataa, nami nashukuru kwamba alikataa, ingawa siku ile tulinuniana.

Naomba ushauri kwa mambo haya. Mwalimu wa namna hii anatafutwa wapi? Je, ni lazima awe amesomea elimu maalumu, au mwalimu wa kawaida mwenye subira anatosha? Nitamtambuaje kabla hajamuumiza mtoto? Tena mwakani kuna upimaji wa kitaifa wa darasa la nne, na kila nikiuwaza usingizi unanipaa.

Mwalimu wa kitengo, Arusha, anajibu:

Pole, dada. Nimefundisha miaka kumi na moja katika kitengo cha wanafunzi wenye usonji kwenye shule ya msingi ya serikali, baada ya kusomea Patandi, chuo cha ualimu wa elimu maalumu kilichoko Tengeru. Nitaanza na jambo ambalo hukuliuliza, kwa kuwa ndilo lililoniuma. "Shusha, konda" si dhihaka hata kidogo. Mtoto anayeongea kwa kurudia maneno huyachukua mazimamazima pamoja na tukio lake: amemwona mtu kwenye daladala akisema hivyo, basi likasimama, mtu akashuka akaenda zake. Mwanao alikuwa amechoka na somo, akatafuta katika akiba yake maneno ambayo watu huyatumia wanapotaka kushuka, akayapata, akayatumia mahali pake. Aliomba ruhusa, tena zaidi ya mara moja, na hakushushwa. Mwalimu yeyote utakayemchukua mweleze hili siku ya kwanza, kabla ya jambo lingine lolote, na umwombe kwamba kila atakapolisikia neno hilo asitishe kazi, japo kwa dakika mbili. Mtoto akishaamini kwamba neno lake linasimamisha basi, hatahitaji kuingia chini ya meza.

Kuhusu kiwango cha 2: mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, ambao hospitali nyingi duniani huutumia, uliyakusanya majina yaliyokuwa yametengana, likiwamo la Asperger, chini ya jina moja la usonji, kisha ukaweka viwango 3 kwa kupima msaada ambao mtu anauhitaji. Hicho ni kiasi cha msaada, wala si kipimo cha akili, na kinaweza kubadilika kwa miaka au hata kwa mazingira. Mtoto yuleyule anaweza kuhitaji msaada mkubwa katika darasa la watoto themanini na msaada mdogo sebuleni kwenu. Nimewaona walimu wanaosoma "kiwango cha 2" kwenye ripoti, kisha wakamletea mtoto wa darasa la tatu vitabu vya kuchorea vya chekechea. Huyo usimchukue.

Mahali pa kumtafuta pa kwanza, kwa maoni yangu, ni kwenye vitengo vyenyewe. Hapo Dar es Salaam zipo shule za msingi za serikali zenye vitengo vya usonji, kama Msimbazi Mseto na Mbuyuni, na walimu wake hutoka kazini mchana. Nenda ukamwone mwalimu mkuu kwa adabu, umweleze shida yako. Ikiwa walimu wake hawana nafasi, wanawajua wenzao waliosoma nao. Pa pili ni kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri yenu, ambaye wazazi wengi hawajui hata kama yupo, na ambaye kazi yake ni kujua walimu wa fani hii wako wapi. Hata hivyo, cheti cha elimu maalumu peke yake kisikulevye. Wapo waliobobea kwa wanafunzi wasioona, wapo wa viziwi, wapo wa ulemavu wa akili. Mtu anaweza kuwa hodari wa nukta nundu na asiwe amewahi kukaa hata siku moja na mtoto mwenye usonji. Muulize amefundisha watoto gani, kwa muda gani, na umwombe namba za wazazi wawili.

Ukishampata wa kuongea naye, mimi ningemuuliza swali moja tu: mtoto akiingia chini ya meza, utafanya nini? Anayejibu kwamba atamtoa, atambembeleza kwa pipi au atakuita wewe, bado. Anayekuuliza, "Kwanza niambie, kabla ya kuingia huwa kumetokea nini?", huyo mkaribishe chai. Mwangalie pia kama ameuliza habari za mtoto kabla ya kuuliza habari za malipo, ingawa malipo ni haki yake na msione haya kuyazungumza mapema.

Wiki mbili za kwanza asifungue daftari. Najua hili ni gumu kwa mzazi anayelipa kwa kipindi, lakini mwalimu anayeanza na daftari siku ya kwanza huwa anamfundisha mtoto jambo moja tu, yaani kwamba mgeni huyu akija raha inakwisha. Akae naye sakafuni, apange vizibo vya soda kama mtoto ndivyo anavyopenda, ataje vituo vya mwendokasi naye akosee kimoja kwa makusudi aone kama atasahihishwa. Wiki ya tatu aanze na dakika 15, kazi tatu fupi zikiwa zimewekwa ndani ya kisanduku upande wa kushoto, na kila inayokwisha ihamie kisanduku cha kulia, mtoto aone kwa macho yake kwamba kazi ina mwanzo na ina mwisho. Mpangilio huu ulikuzwa katika Chuo Kikuu cha North Carolina tangu miaka ya 1970, lakini kwetu tunaufanya kwa maboksi ya viatu na hauna tofauti yoyote. Ukutani bandikeni ratiba ya picha. Na mlichunguze feni: kitengo kizima kwangu kiliwahi kuvurugika wiki mbili kwa sababu ya feni moja iliyokuwa ikigonga, na sisi watu wazima hatukuisikia.

Sasa Juma na maembe yake. Mwanao hana tatizo la kutoa. Ana tatizo la kumjali mtu asiyemfahamu, jambo ambalo ukilifikiri lina mantiki. Mwandikieni hivi: basi limeondoka Kimara na abiria 12, Ubungo wameshuka 5, limebaki na abiria wangapi? Abiria hawana majina, na yeye anajua hasa kushuka ni nini. Atakapozizoea hizo, mbadilishieni kitu kimoja kwa wakati: kwanza basi libaki lakini abiria wawe magunia, kisha magunia yawe kwenye duka, mpaka siku moja mtafika kwa Juma. Kwangu mwendo huo huchukua muhula mzima, na sijawahi kuujutia. Ufahamu wa habari nao mwufanye vivyo hivyo. Badala ya kumuuliza habari inahusu nini, mpeni picha nne azipange kwa mfuatano wa matukio.

Kuhusu upimaji wa darasa la nne, peleka nakala ya ripoti ya hospitali kwa mwalimu mkuu mwanzoni kabisa mwa mwaka, umwombe aandike taarifa za mtoto kama mtahiniwa mwenye mahitaji maalumu. Hayo hayaombwi asubuhi ya mtihani.

Baba wa Kisauni, Mombasa, anajibu:

Dada yangu wa Dar es Salaam, salaam aleikum. Mwalimu wa Arusha amesema maneno mazito na mengi nakubaliana naye, ila katika suala la kusomea nina maoni tofauti kidogo, na ninayasema kwa sababu yalinigharimu.

Binti yangu ana miaka 13, na maneno anayoyasema hayafiki thelathini. Mengine yote huyasema kwa kadi za picha, ambazo humkabidhi mtu mkononi anapotaka kitu. Mwalimu wake wa kwanza wa nyumbani alikuwa na vyeti ambavyo ungevitandika ukutani. Alishikilia kwamba ni lazima mtoto amtazame machoni kabla ya kupewa chochote, kwa hiyo akawa anamshika kidevu na kumgeuza uso, na akitazama anapewa peremende. Kadi zake alizifungia kabatini, akidai zinamfanya mvivu wa kuongea. Baada ya mwezi mmoja mtoto alikuwa anatazama machoni kama askari, analia usiku, na maneno yake yamepungua. Mimi ndiye niliyechelewa kuliona, maana vile vyeti vilikuwa vimenifumba macho. Kumnyang'anya mtoto kadi zake ni sawa na kumziba mtu mdomo ukamwambia aseme vizuri, na utafiti mwingi umeonyesha kwamba kadi hazimzuii mtoto kuongea. Wengine huwasaidia kuanza.

Aliyekuja kutufaa alikuwa binti wa jirani yetu aliyemaliza kidato cha nne, akingojea kuingia chuo. Hakujua lolote kuhusu usonji. Lakini alikuwa mdadisi na hakuwa na haraka. Alikuja na daftari dogo akawa anaandika: leo amekataa kuandika baada ya jirani kuwasha mashine ya kusagia, leo ameshika penseli dakika nne, leo amecheka nilipokosea. Mara moja kwa mwezi tulimpeleka kwa mwalimu mwenye uzoefu, akamsomea yale aliyoyaandika, akaelekezwa. Tulilipa kijana kila juma na mtaalamu mara moja kwa mwezi, na kwa mfuko wangu huo ndio mpango uliowezekana. Yule binti baadaye alijiunga na masomo ya ualimu. Kwa hiyo, dada, ukimkosa aliyesoma, mtafute anayefundishika, kisha umtafutie wa kumwongoza.

Kwetu Kenya huanzia kwenye vituo vya serikali vya tathmini ya elimu, vilivyoanza mwaka 1984, au kwenye Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, KISE, iliyoko Kasarani, Nairobi, na hapo mzazi hupata ripoti ya uwezo wa mtoto wala si jina la hali yake tu. Ripoti hiyo ni muhimu kwa mwalimu wa nyumbani kuliko ile ya hospitali. Mtaala wetu wa umilisi pia una njia inayokwenda kwa ngazi badala ya madarasa, kuanzia msingi hadi ufundi, kwa wanafunzi ambao mitihani ya kawaida haiwafai. Binti yangu yuko katika njia hiyo, na siku tulipoikubali ndiyo siku mwalimu wake wa nyumbani alipopata kazi ya maana: kuhesabu chenji, kusoma majina ya mitaa, kukoroga uji bila kuungua. Nakuomba wewe na mumeo mjiulize kama huyo mwalimu mnamtafuta kwa ajili ya mtihani au kwa ajili ya mtoto, kwani mwalimu wa mtihani na mwalimu wa mtoto si lazima wawe mtu mmoja. Huenda kwa mwanao wakawa mmoja, kwa kuwa anasoma na anahesabu. Nasema tu mlijadili kabla hajafika mlangoni.

La mwisho ni usalama, na hili sitalizungukazunguka. Mtoto asiyeweza kusimulia siku yake ni mtoto ambaye mtu mbaya humchagua. Tuliamua kwamba somo hufanyika sebuleni, mlango wazi, na mtu mzima wa nyumbani yumo ndani, hata kama mwalimu ni wa ukoo. Tulidai cheti cha mwenendo mwema cha polisi, na kwa mwalimu aliyeajiriwa, namba yake ya usajili ya Tume ya Huduma za Walimu. Kwenu Tanzania naamini kitambulisho cha taifa na barua ya serikali ya mtaa ndiyo mahali pa kuanzia. Mwalimu mmoja tuliyemdai hayo aliudhika na akaondoka. Tulimsindikiza hadi barabarani kwa heshima zote. Kisha jifunzeni kumsoma mtoto wenyewe: akianza kukojoa kitandani baada ya kuwa ameacha, akikataa nguo aliyoipenda, akijificha anaposikia pikipiki ya mwalimu, simamisheni masomo siku hiyohiyo, uchunguzi ufuate baadaye.

Mtu mzima mwenye usonji, Mwanza, anajibu:

Shikamoo, mama. Nina miaka 27 na ninafanya kazi ya kurekebisha kompyuta. Niligundulika nikiwa na miaka 19, kwa hiyo utoto wangu wote niliitwa mkaidi. Naandika kwa sababu waliojibu mpaka sasa ni wazazi na walimu.

Nilifundishwa nyumbani na walimu wanne. Watatu sitaki kuwakumbuka. Wa nne alikuwa mwalimu mstaafu, mzee wa mtaani kwetu, na alifanya mambo ambayo sijui kama aliyasomea popote. Alikaa ubavuni mwangu, hakukaa mbele yangu. Mtu akikaa mbele yangu, uso wake unanizuia kusikia anachosema. Sijui namna bora ya kulieleza hili. Alisema, "Tutaanza saa kumi na dakika ishirini na tutamaliza saa kumi na dakika arobaini na tano," na saa ilipofika arobaini na tano aliacha hata kama sentensi haijakwisha. Hakuniuliza maswali mawili kwa mkupuo. Akiuliza, alinyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa kwa kweli, hakukuwa kwa kugongagonga kalamu. Jibu langu lilikuwa linakuja, ila linapita njia ndefu.

Pia hakuwahi kunizuia kupunga viganja. Mikono ikitulizwa kwa nguvu, akili yote inahamia kwenye kuituliza na haibaki ya hesabu.

Nina jambo moja ambalo simkubalii mwalimu wa Arusha. Amesema mwalimu ataje vituo na akosee kimoja kwa makusudi. Kwa baadhi yetu hilo linauma kweli, si mchezo. Mimi ningemchukia mtu huyo. Mama, wewe unamjua mwanao. Jaribu kwanza wewe, uone kama anacheka au anashtuka.

Mwisho, usimwambie mbele yake kwamba hajui. Anasikia hata anapokuwa amekupa mgongo.

Mwalimu wa kitengo, Arusha:

Kijana wa Mwanza, nimekusikia na ninaipokea sahihisho yako. Watoto niliowafanyia hivyo walifurahi, lakini huenda wapo waliovumilia nikadhani wamefurahi. Nitalitazama upya.

Nilisahau malipo. Dada, kwa wiki 6 za kwanza lipa kwa kipindi, usilipe kwa mwezi, ili mkiachana pasiwe na anayemdai mwenzake. Vipindi anavyozidiwa mtoto na somo likakatika dakika ya tano vilipwe kwa ukamilifu, la sivyo mwalimu atakuwa na sababu ya kulazimisha. Tena kama mwanao anakataa kuandika huku akipenda kujibu kwa mdomo, kabla ya kumwita mkaidi angalieni vidole. Penseli nene, au iliyozungushiwa mpira, hubadilisha mengi, na akiendelea kupata taabu mwoneni mtaalamu wa tiba kwa vitendo, yaani anayemsaidia mtu kuimudu mikono na kazi za kila siku.

Mama wa Kimara anarudi:

Shikamooni mnaostahili, na wengine marahaba. Zimepita wiki saba tangu niulize, na nimeona si adabu kuchukua ushauri nikanyamaza.

Nilikwenda kwenye kitengo kimoja kati ya vile nilivyoelekezwa. Walimu wake wamejaa, lakini mmoja wao alinipa namba ya msichana aliyefanya nao mafunzo kwa vitendo. Nilikuwa nimeshaongea na wengine wawili na kuwauliza swali la chini ya meza. Wa kwanza alisema atamtoa, wa pili alicheka akasema kwake hataingia. Huyu msichana alinyamaza kidogo, akaniuliza meza yenyewe ina ukubwa gani, na kama yeye naye anaweza kukaa pale. Tulikubaliana shilingi 20,000 kwa kipindi pamoja na nauli. Mume wangu ndiye anayekuwapo sebuleni siku za Jumanne na Alhamisi, mimi Jumamosi.

Wiki ya kwanza sikuona lolote la kusimulia, isipokuwa vizibo vya soda sakafu nzima. Wiki ya pili mama mkwe aliuliza kama tunamlipa mtu aje acheze. Wiki ya nne walianza maboksi ya viatu. Mwalimu hajakosea vituo kwa makusudi. Nilijaribu mimi kwanza kama kijana wa Mwanza alivyoshauri, nikaruka Shekilango, na mwanangu alilia hadi nikairudia safari nzima kuanzia Kimara. Ahsante, mwanangu, umetuepusha.

Mambo si mteremko. Jumanne iliyopita umeme ulikatika, jirani akawasha jenereta, na somo likafia hapohapo. Nililipa chote kama nilivyoelekezwa, ingawa moyo ulisita. Kuandika bado ni vita. Hesabu za abiria anazifanya hadi mbili kwa kikao, lakini tulipowageuza abiria kuwa magunia aliuliza magunia yamelipa nauli kiasi gani, tukarudi nyuma hatua moja.

Lakini "Shusha, konda" sasa ina jibu. Siku ya kwanza aliposikia, mwalimu wake alifunga boksi papo hapo wakapumzika. Siku hizi hujibu, "Kituo kinachofuata," wanamalizia hesabu iliyoko mezani, moja tu, kisha anagonga meza mara mbili kwa vidole kama konda anavyogonga bodi la gari, na mwanangu anashuka kwenye kiti. Jumamosi alishuka, akazunguka meza, akapanda tena mwenyewe.

Jumatatu ninakwenda kwa mwalimu mkuu na nakala mbili za ripoti, moja ya kumwachia na nyingine agonge muhuri wa kupokea. Kama kuna mzazi aliyekwisha kuiandika barua hiyo ya mtahiniwa mwenye mahitaji maalumu, naomba aniambie aliambatanisha nini kingine.